Klasi gani hupanda levo haraka? Jibu limebadilika tangu 1974

Wasee, kuna swali moja ambalo ni kongwe kuniliko mimi na pengine kuliko wazazi wa baadhi yenu: nianze na klasi gani ndio nipande levo haraka? Kila gemu mpya ya mtandaoni ikifunguliwa, kabla mtu hajaangalia ramani, kabla hata hajamchagulia mhusika wake nywele, anauliza hilo. Na kila mara kuna mjuaji wa kumjibu kwa neno moja. Mwindaji. Mchawi. Kwisha.

Wajuaji hawa hesabu wanaijua, sitawadharau. Shida yangu ni kwamba wanajibu kana kwamba "haraka" ni kitu kimoja tangu zamani. Sivyo. Ukifuata historia ya hizi gemu unaona klasi ya haraka huwa ni ile inayohitaji watu wachache zaidi kwa gemu ya wakati huo. Gemu ikibadilisha nani anamhitaji nani, mfalme wa haraka anashuka kitini. Na mara nyingi yule aliyekuwa wa mwisho ndiye anakuja kutafutwa na kila mtu.

Kwa wale hawachezi: klasi ni kazi ya mhusika wako. Mwingine anapigana kwa upanga, mwingine anaponya, mwingine anarusha moto. Ukiua mazimwi au ukimaliza kazi ulizopewa unapata XP, yaani pointi za uzoefu, na zikijaa unapanda levo. Ukishachagua klasi, kwa gemu nyingi hurudi nyuma. Ndio maana watu hukosa usingizi juu ya hili jambo.

Ilianza mezani, na karatasi

Mwaka wa 1974, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Hakuna kompyuta hapo. Ni watu wamekaa mezani na penseli na dadu. Klasi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi, na Cleric, yaani mtu wa dini anayejua kupigana na kuponya.

Sasa angalia hesabu yao. Kufika levo ya 2, Cleric alihitaji XP 1,500. Mpiganaji 2,000. Mchawi 2,500. Mwaka uliofuata, 1975, wakaongeza mwizi, na yeye akapewa 1,200 peke yake. Kumbuka XP nyingi wakati huo hazikutoka kwa kuua. Zilitoka kwa hazina uliyobeba ukatoka nayo hai, sarafu moja ya dhahabu kwa pointi moja.

Kwa hivyo ukisoma jedwali tu, mwizi ndiye wa haraka, nusu ya safari ya mchawi. Lakini kwa nini walimpunguzia? Kwa sababu mwizi alikuwa dhaifu. Damu kidogo, mapigo ya kawaida, anaishi kwa kujificha. Ile haraka ilikuwa fidia. Naye mchawi alitozwa ghali ilhali mwanzoni ana uganga mmoja tu kwa siku, akishautumia anabaki amesimama na kisu. Alikuwa analipia kesho, kwa sababu mchawi akifika levo za juu hakuna wa kumgusa.

Hiyo ni hekima ya kwanza kwa hii historia, na watu wengi hawaioni: tangu siku ya kwanza, kasi ya kupanda levo haikuwa sawa na uzuri wa klasi. Mara nyingi ilikuwa kinyume. D&D wenyewe waliachana na majedwali tofauti mwaka wa 2000, toleo la tatu, wakaweka jedwali moja kwa kila klasi. Lakini kufikia hapo wazo lilikuwa limeshahamia kwa kompyuta.

Kutoka maandishi hadi EverQuest

Mwaka wa 1978, pale chuo kikuu cha Essex Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambao watu kadhaa wangeingia pamoja kwa wakati mmoja. Hakukuwa na klasi za kuchagua. Wote mlianza chini mkakimbizana kwa pointi, na aliyefika kileleni alipewa mamlaka ya kuendesha ulimwengu wenyewe. Klasi zikaja na MUD zilizofuata, hasa DikuMUD ya mwaka wa 1991 kutoka chuo kikuu cha Copenhagen, ambayo ilirudisha zile kazi za D&D: mpiganaji, mchawi, mwizi, mtu wa dini.

Halafu tarehe 16 Machi 1999 ikaja EverQuest, na hapa ndipo swali letu lilipopata meno.

EverQuest ilikuwa na klasi 14 na levo 50. Na ilikuwa katili, maze. Ukifa unapoteza XP, unaweza hata kushuka levo uliyokuwa umeipata jana usiku. Vitu vyako vyote vinabaki kwa maiti yako pale ulipofia, kwa hivyo unarudi mikono mitupu kuvifuata, mahali palepale palipokuua. Katika mazingira hayo, "haraka" ilimaanisha "asiyekufa".

Na waundaji waliweka hesabu zao za siri. Klasi zinazochanganya upanga na uganga, yaani Paladin, Ranger, Shadow Knight na Bard, zilihitaji XP asilimia 40 zaidi. Mbio zingine pia zilikuwa na ushuru: ukichagua kuwa Troll, unaongezewa asilimia 20. Sasa chukua Troll ambaye ni Shadow Knight, zidisha 1.4 kwa 1.2, unapata 1.68. Pale mwenzako anahitaji pointi 100, wewe unahitaji 168. Na ubaya zaidi, mkiwa kikundi mgao wa XP ulienda kwa uzito, kwa hivyo mwenye ushuru alikula sehemu kubwa ya sufuria. Watu walipogundua, wakaanza kuwakataa hao wasee kwa vikundi. Ushuru wa mtu mmoja ukawa aibu ya kikundi. Baadaye waundaji wakaondoa ushuru wa klasi, lakini wengi walikuwa wameshaumia.

Mpiganaji, kwa upande mwingine, alipewa punguzo. Kwa jedwali yeye ndiye alistahili kuwa wa haraka. Enda sasa uwanjani: mpiganaji hajiponyi, hakimbii kuliko zimwi, akimaliza pigano moja anakaa chini dakika baada ya dakika akingoja damu irudi. Peke yake alikuwa wa mwisho kabisa. Jedwali lilisema haraka, maisha yakasema keti hapo.

Waliotamba ni wawili. Druid alipunguza mwendo wa zimwi, akajipa miguu ya mbwa mwitu, akalichoma kwa uganga unaouma polepole huku anakimbia mbele yake. Mbinu hii iliitwa kurusha kishada, kwa sababu zimwi linakufuata kama kishada kwa uzi na halikufikii. Wa pili ni Necromancer, mchawi wa wafu. Ana kiunzi cha mifupa kinachompigania, anatia zimwi hofu likimbie, na mambo yakichacha anajilaza chini akijifanya amekufa. Zimwi linaenda zake. Anaamka, anapangusa vumbi, anaendelea.

Hawa hawakuhitaji mtu. Wakati mpiganaji amekaa mlangoni mwa pango akipiga kelele atafutiwe mganga, Necromancer ameshapanda nusu levo. Hiyo ndiyo siri yao yote.

Lakini subiri. Nani alikuwa akiitwa usiku kucha kwa EverQuest? Cleric, kwa sababu aliweza kufufua maiti yako na kukurudishia sehemu ya XP uliyopoteza. Na Enchanter, ambaye alikuwa na uganga wa Clarity unaorudisha nguvu za uchawi haraka. Watu waliutegemea ule uganga hadi wakaupa jina la dawa ya kulevya. Enchanter hakuwa klasi rahisi ya kutembea nayo peke yako. Lakini kila kikundi alichoingia, watu wote walipanda haraka, na yeye ndani yake. Kuna klasi inayopanda haraka, na kuna klasi inayopandisha. Hizi ni vitu viwili.

Mwindaji na mnyama wake

World of Warcraft ilifunguliwa Marekani tarehe 23 Novemba 2004, klasi tisa, levo 60. Jambo kubwa walilofanya ni kuhakikisha kila klasi inaweza kupanda peke yake, kwa kufuata kazi ndogo ndogo za vijijini: niletee ngozi kumi, niulie nguruwe wanane. Ghafla hukuhitaji kusimama mlangoni mwa pango ukiomba.

Na papo hapo jibu la neno moja likazaliwa upya: Hunter, mwindaji. Levo ya 10 anafuga mnyama. Mnyama anaenda mbele anapigwa, mwindaji anakaa nyuma anapiga. Pigano likiisha mwindaji bado ana damu yake yote, kwa hivyo anaenda kwa linalofuata bila kukaa. Warlock naye alikuwa na jini lake la kumkinga, na levo ya 40 alipata farasi kutokana na klasi yake, sawa na Paladin, wakati wengine wote wanachanga dhahabu ya kununua. Mpiganaji? Bado amekaa chini, anakula mkate.

Hapa nataka tuje nyumbani kidogo, kwa sababu hii hadithi ya mnyama ina upande wa Kenya ambao mwongozo wa Mmarekani hautakuambia.

Hadi mwaka wa 2009, wakati nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini, mawasiliano yetu ya intaneti na ulimwengu yalipitia setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo iko kama kilomita 36,000 juu. Ishara inapanda, inashuka, jibu linapanda, linashuka. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni kama nusu sekunde, kabla hujahesabu kitu kingine chochote. Nusu sekunde ukiwa mpiganaji ni kifo, kwa sababu unaona pigo likiwa limeshakupata. Lakini mnyama wa mwindaji anaendeshwa na seva yenyewe. Yeye hana habari na mtandao wako. Wewe umeganda, yeye anapigana.

Siku hizi nyaya ziko, lakini seva nyingi ziko Ulaya au mbali zaidi, na ukicheza kutoka Nairobi bado unahisi umbali. Kwa hivyo mjuaji wa California akikuambia klasi fulani ni ya haraka kwa asilimia tano kwa sababu ya kubonyeza vitufe kwa wakati sawasawa, muulize yeye mtandao wake ukoje.

Na kuna saa. Mimi nilianzia gemu za bure kwa cyber, bob moja kwa dakika. Mtoto wa tajiri anahesabu XP kwa saa. Mimi nilikuwa nahesabu XP kwa shilingi. Nikiwa na mpiganaji, nalipa kumtazama mhusika wangu ameketi chini akingoja damu irudi. Dakika tano za kuketi ni bob tano, na bob tano wakati huo ilikuwa mandazi. Usiniambie kuchagua klasi ni mchezo tu. Unaamua wakati wako utaenda wapi, na wakati kwa wengi wetu ni doo.

Foleni ilipogeuza meza

Turudi kwa Warcraft. Wawindaji na wachawi walipanda haraka wakafika levo 60 kwa maelfu. Halafu wakakuta nini huko juu? Mapambano ya watu 40 kama Molten Core, ambayo hayawezi kwenda bila watu wa kukaa mbele kupigwa, wale wanaitwa tanki, na waganga wa kuwaweka hai. Klasi ya haraka ilikufikisha mlangoni ukiwa umechoka, ukakuta wenzako wa klasi hiyohiyo wamejaa, na kinachotafutwa ni yule msee wa mkate.

Desemba 2009 wakaleta mfumo wa kupanga vikundi vya mapango kwa kompyuta. Kikundi ni watu watano: tanki mmoja, mganga mmoja, wapigaji watatu. Bonyeza, ngoja, uitwe. Tanki akibonyeza, anaitwa papo hapo. Mpigaji anangoja, na kungoja. Na mapango yanatoa XP nzuri. Yaani klasi iliyokuwa ya polepole tangu 1999 ikawa na njia ya haraka, bila kuongezewa nguvu hata kidogo. Kilichobadilika ni foleni.

Aprili 2011 Blizzard wakaenda mbali zaidi, wakaanza kutoa mfuko wa zawadi kwa yeyote anayejitokeza kwa kazi iliyokosa watu wakati huo. Mara nyingi ilikuwa tanki. Hebu fikiria: kampuni ya gemu inalipa watu wafanye kazi ambayo miongozo yote ilikuwa imewaambia waikimbie.

Kisha 2014 wakavunja swali lenyewe. Kwa dola 60 ungeweza kununua mhusika aliyefika levo 90 moja kwa moja. Klasi yoyote. Klasi ya haraka kuliko zote ikawa pochi.

Na bado watu walirudi kwa lile swali. Agosti 2019 Blizzard walipofungua WoW Classic, gemu ya zamani jinsi ilivyokuwa, mbio zilianza upya. Wa kwanza duniani kufika 60 alikuwa Jokerd, anayerusha gemu zake mubashara, na ilimchukua kama siku tatu na ushei. Hakutumia mwindaji. Alitumia Mage, mchawi wa barafu. Miaka kumi na tano ilikuwa imewafundisha wachezaji kwamba mchawi anaweza kukusanya kundi zima la mazimwi, akaligandisha miguu, akalinyeshea barafu yote kwa pamoja. Sheria zilikuwa karibu zilezile za 2004. Maarifa ndiyo yalikuwa mapya. Na baada ya hapo wachawi hao wakafungua biashara: unalipa dhahabu, unasimama kando ya pango, mchawi anaua, XP inakuingia.

Sasa maoni yangu

Niliacha chuo mwaka wa pili. Wanaonifuata mnajua, silii juu yake. Kila Krismasi mjomba wangu huniuliza, "Sasa wewe umefika wapi?" Ni swali la levo hilo. Namjibu, "Bado naendelea, mjomba," na ninamaanisha.

Lakini kuna kitu nimekiona kwa hii kazi ya kontenti ambacho kingeeleweka na mtu yeyote wa EverQuest. Kila mtu anataka kuwa mwindaji: simu moja, uso mmoja, kamera mbele, hahitaji mtu. Na kweli, mwanzoni hao hupanda haraka kuliko wote. Halafu mnafika mahali fulani mmejaa mlangoni, wote mnapiga, hakuna wa kushika sauti, hakuna wa kuandika maneno, hakuna wa kuketi kompyutani saa nne za usiku akikata video ya mwenzake. Kazi zangu tatu za kwanza zilizonilipa kodi ya nyumba hazikutoka kwa uso wangu. Niliitwa kwa sababu nilijua kusafisha sauti. Foleni ilikuwa fupi.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nianze na klasi gani, siku hizi sijibu kwa neno moja. Namuuliza yeye maswali matatu. Una marafiki wa kucheza nao, ama uko peke yako? Kama uko peke yako, chukua mwenye mnyama, hakuna aibu. Mtandao wako unashikilia? Kama unakatika, usiwe wa kukaa mbele, utawaua wenzako. Na la tatu, ambalo watu hulisahau: ukishafika juu, nani atakuita?

Ukitaka njia ya kukwepa swali lote, Final Fantasy XIV, ile iliyozinduliwa upya 2013, inakuruhusu mhusika mmoja kujifunza kazi zote, kila moja na levo yake. Unapanda na moja, unarudi chini unaanza nyingine, na hata huko wanakuongezea zawadi ukichukua kazi iliyokosa watu. Napenda wazo hilo. Hakuna kufungiwa ndani ya chaguo la siku ya kwanza, wakati hukuwa unajua chochote.

Lakini gemu nyingi hazikupi hiyo nafasi. Zinakuuliza kabla hujaona ramani. Sasa niambie, wewe ulichagua gani, na ulipofika juu uliitwa na nani?